Vigae Ishirini na Tano

Ognyan, kapteni wetu, ana kichwa cha hesabu na mdomo usio na breki. Kwenye fainali ya pambano la hisabati mjini Plovdiv, tukiwa sare na watoto wa Sofia, akawatupia swali la mwisho: wathibitishe kwamba sakafu ya miraba kumi kwa kumi haifunikiki kwa vigae vya umbo la T, kila kigae miraba minne.

Sisi wenyewe hatukuwa na jibu. Alitegemea wao watajaribu waumbuke. Lakini sheria inaruhusu kulirudisha swali kwa aliyelitupa, na Kaloyan wa Sofia anaijua sheria.

"Kama mnalo jibu, tuonyesheni," akasema.

Ognyan akatugeukia, amepauka. Yeye na mwenzetu Radina walishamaliza zamu zao za ubaoni. Nilibaki mimi, Tsveta, niliyebeba banitsa, vitafunwa vya jibini, za timu msimu mzima.

"Nenda bwana," akaninong'oneza. "Si unachoraga kama unapamba keki? Jikokote hivyohivyo, labda muda utaisha."

Iliniuma. Haya, nikaenda kupamba. Nikaomba rula. Nikachora mraba, nikaufuta pembe, nikauchora upya. Kaloyan, aliyepangiwa kuniuliza maswali, akaanza kutikisa mguu. Mguu wa namna hiyo naujua vizuri. Nikaweka chaki chini, nikapangusa vidole kimoja kimoja.

"We dada," akafoka, "utapaka lini nyeusi na nyeupe kama drafti, tumalize?"

Rangi! Kila kigae kinafunika miraba myeusi mitatu au mmoja, yaani witiri. Vigae ni ishirini na tano; jumlisha namba witiri ishirini na tano, unapata witiri. Na miraba myeusi ni hamsini, namba shufwa, kwa hiyo haiwezekani.

"Ndiyo nilikuwa nafika hapo," nikamwambia, nikaendelea taratibu vilevile mpaka mwisho. Mwenzake wa pembeni alijifunika uso kwa mikono.

Kwenye basi la kurudi, Ognyan alinisogelea.

"Kumbe ulikuwa unalijua jibu?"

"Jibu sikulijua. Nilijua tu hataweza kuningoja."

"Ulijuaje?"

Nikatazama mguu wake, unaotikisika tangu tutoke Plovdiv. Naye akautazama. Kisha akaniwekea mapajani kombe letu la ushindi.