Kofia ya Mngoni

Mkutano wa Nyangamara ulijaa watu, lakini maneno yalitoka upande mmoja tu. Kapteni Dismas, aliyetumwa kuwazuia vijana wa Lindi wasivuke Ruvuma kujiunga na waasi wa msituni, alikuwa ameeleza mkakati wake mpaka koo limemkauka: doria mtoni, vizuizi barabarani, na msamaha kwa waliodanganywa ambao watajisalimisha wenyewe. Watu walipiga makofi ya adabu. Alipouliza nani ana swali, kila mtu akaanza kukagua vidole vya miguu yake.

Fauzia naye alikagua vyake. Mwanawe Iddi, aliyeahidiwa kazi ya duka akajikuta mikononi mwa waasi, alikuwa ametoroka na sasa amejificha kwenye mikorosho nyuma ya nyumba. Akimtoa, huenda askari wakamchukua asimwone tena. Asipomtoa, doria itamkuta, na anayekutwa porini haulizwi kwanza. Msamaha lilikuwa neno tamu, lakini hata waliomchukua Iddi walikuja na maneno matamu.

Kapteni akajaribu kuwachangamsha. "Msiniogope jamani. Mimi ni Mngoni tu, nimezaliwa Peramiho."

Kicheko kikapita uwanjani. Kumbe ni mtani. Zamani Wangoni na Wamwera walipigana mpaka wakachoka, wakageuka watani. Tangu hapo Mmwera humtukana Mngoni mchana kweupe na kumpokonya alichonacho mpaka ajikomboe, na Mngoni akinuna ameaibisha ukoo wake mzima.

Fauzia akainuka, akaenda moja kwa moja mezani, akachukua kofia ya kapteni akaivaa. Askari wawili wakasogea. Hakuwatazama.

"Babu zako walimaliza mbuzi wetu, hata kuku wanaoatamia hawakuwaacha," alisema. "Leo nimekukamata, mla mbuzi wewe."

Macho yote yakahamia usoni kwa kapteni. Kapteni akapapasa upara wake, akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Mama, jua hili litanipika kichwa. Nijikomboe kwa nini?"

"Njoo nyumbani ule ugali. Peke yako, na machuma yako uyaache hapa."

Kicheko kikakatika. Kapteni akamtazama, na Fauzia akajua ameelewa kwamba nyumbani kuna mtu. Mwingine angeagiza nyumba izingirwe. Huyu akafungua mkanda, akamkabidhi bastola Sajini Magdalena, mmoja wa wale askari wawili.

"Asinifuate mtu," alisema. "Chakula cha mtani hakikataliwi."

Iddi alitoka mikoroshoni amekonda, mifupa ya shingo inahesabika. Kapteni akamwambia aketi mkekani ale kwanza.

"Utahojiwa, sikufichi," alimwambia. "Ukiwa na damu mikononi, ni mahakamani. Kama huna, nitakurudisha hapa kwa mama yako mimi mwenyewe."

"Nilikuwa mpishi wao, afande."

"Basi tutauhoji na ugali wako."

Fauzia alicheka na kulia kwa pamoja, akajifuta kwa kanga bila kuona haya. Lakini Iddi hakucheka.

"Afande, tulitoroka wanne. Wenzangu watatu wako porini, wanasubiri simu yangu. Nisipopiga watajua nimeuawa, na watarudi kulekule."

Iddi akachomoa simu mfukoni. Kapteni akanyoosha mkono aipokee. Fauzia akawahi kuichukua. "Wewe sauti yako ni ya amri, utawatimua." Iddi akambonyezea namba, naye akasubiri mpaka ikapokelewa.

"Wanangu, mimi ni mama yake Iddi. Nimekaa na Mngoni mmoja mla mbuzi, na Iddi yuko pembeni yake, mzima, anamaliza kisamvu. Njooni nyumbani."

Kijana mmoja upande wa pili akauliza, kwa sauti iliyokwaruza, "Mama, na sisi kitatutosha?"

Fauzia akamtazama kapteni. Kapteni akalisogeza bakuli lake katikati ya mkeka.

"Waambie changu sijakigusa."