Nani Aonje Ulanzi wa Posa

Miezi tisa Anord alikuwa hajatia pombe kinywani, na nusu ya Mafinga ilikuwa bado inasubiri aanguke. Kwenye karakana alikotengeneza makabati, wenzake walishaacha kumtania, na hilo lenyewe lilimtisha. Sasa, Jumamosi asubuhi, washenga walikuwa sebuleni kwake, wamekuja kumposa binti yake Roza, na mbele yao dumu la ulanzi, pombe ya mianzi.

Katika ukoo wao posa haisemwi kwa kinywa kikavu. Baba wa binti huonja kwanza. Akikataa kikombe, amemkataa mkwe. Anord aliyajua hayo tangu utoto, ila kwa woga hakumwambia mtu mapema kwamba yeye hawezi kuonja. Alijidanganya kwamba washenga wa siku hizi wangeleta soda.

"Kamwene, baba," alisalimu mshenga, Mzee Liberatus, akimimina. "Tunaomba utufungulie mlango."

Kikombe kikamfikia. Harufu ikampanda puani, mate yakamjaa. Kaka yake Aroni akamsogelea sikioni.

"Huo ni mtogwa, mdogo wangu. Umegemwa alfajiri hii, bado sukari tupu. Mtogwa siyo pombe."

Maneno hayo Anord aliyajua vizuri, maana aliyetangulia kujiambia ni yeye mwenyewe. Mtogwa wa asubuhi, ulanzi wa mchana, jioni anaokotwa mtaroni. Mara mbili aliapa kuacha, na mara zote mbili alirudi kwa njia hiyo hiyo. Lakini Roza alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza, na kijana wa watu alikuwa kijana mwema. Masikio yalimwaka kwa aibu.

Akakiweka kikombe mezani.

"Wazee wangu, mkwe nimemkubali. Ila mimi ni mlevi." Neno hilo hakuwahi kulitamka, siku zote alisema anakunywa kidogo. "Nikionja hiki, sitaishia hapa. Nitawaaibisha kabla jua halijazama."

Aroni akaguna. Mzee Liberatus akakuna kidevu.

"Sasa baba, posa isiyoonjwa tutawaelezaje waliotutuma? Nani aonje?"

"Mama yake," alisema Anord. "Heshima hii ni ya aliyemlea mtoto. Mimi nilikuwa kilabuni."

Catherine, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vitumbua. Aliliweka sinia mezani, akamtazama mumewe. Kisha akaketi, akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa funda moja. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Mzee Liberatus akageuza kiti chake. Kuanzia hapo maswali yote alimuuliza mama: malezi ya binti, siku ya wazee wa kijana kuja, mahari. Hakuna aliyemgeukia Anord tena, na jambo hilo lilimuuma, tena sana. Hakutoka nje. Alikaa pale pale, akasikiliza kila kilichosemwa juu ya mwanawe tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na kesho yake alipoamka aliyakumbuka yote.