Spoki Zilizovikwa Sufu

Kwa siku nne Bibi alimbeba bwana wa mchanga. Ndivyo majirani walivyoliita lile gunia alilolikalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yake ya umeme, ya magurudumu matatu, akizunguka nalo mtaani ili auzoee uzito wa mumewe.

"Bibi, bwana mpya mbona haongei?"

"Haongei, wala hanuni!" alijibu, akakata kona.

Leo gunia lilibaki uani. Aliyeketi nyuma alikuwa mumewe mwenyewe, Mwalimu, aliyefundisha kwaya miaka thelathini kabla ya kiharusi kumlegeza upande wa kulia. Miaka miwili hakuvuka geti. Saa nne wanafunzi wake wa zamani, sasa watu wazima wenye mvi, wangeimba shuleni, na Bibi alikuwa ameapa kwamba safari hii Mwalimu atawasikia akiwa palepale, si kwenye simu.

Alikaa wima kama bi harusi. Alizungusha mkono wa usukani, mota iliyo katikati ya gurudumu la mbele ikavuma, wakaondoka. Kofia ya Mwalimu nusura ipeperuke. Akacheka! Bibi hakukumbuka ni lini alikisikia kicheko kile.

Kabla ya kona ya pili, mkono wa kushoto ulimgusa mgongoni.

"Simama. Gurudumu la mbele linalialia."

"Baba, tutachelewa! Mimi sisikii kitu."

"Mimi nasikia."

Maneno hayo aliyajua, na hayakuwahi kumdanganya. Akageuza kuelekea karakana ya Fundi, huku akinung'unika.

Fundi, mwanamke mwenye mikono myeusi kwa grisi, ndiye aliyemchagulia gurudumu lile. Bibi alikuwa amependa jingine, lenye ringi nyembamba inayong'aa. "Hilo ni la kwendea sokoni peke yako," Fundi alimwambia. "Mota inavuta, na mzee ana uzito wake. Chukua ringi pana, spoki nene. Na wiki isiishe hujaniletea, maana spoki mpya hulegea." Bibi alikubali, ila sura ya gurudumu ilimuuma roho. Basi akalivisha: kila spoki aliizungushia uzi wa sufu, nyekundu na manjano, ikapendeza kama sweta la mtoto.

Sasa Fundi aliinama, akagonga spoki moja kwa bisibisi. Pu. Kama kugonga mto.

"Bibi wee! Umezifunga midomo! Zingeniambia zenyewe ipi imelegea."

Bibi aliitazama kazi ya mikono yake. Akatazama saa: tatu na nusu. Akatoa mkasi mkobani, akakata mwenyewe. Fundi hakumcheka. Alijifuta vidole kwanza, akaokota vipande vyote vya uzi, akaviweka mapajani mwa Mwalimu. Bibi aliliona hilo la kufuta vidole.

Spoki nne zilikuwa zimelegea, na ya tano imeanza kukatika shingoni.

"Hii ingewamwaga barabarani," Fundi alisema, akaibadilisha. Kisha akawa anakaza kidogo, anagonga, na Mwalimu anaamua kwa sikio.

"Juu. Juu tena... we, usizidishe! Hapo hapo."

"Mwalimu, nami niandike kwenye kwaya!"

Alimalizia kwa kukaza nati za ekseli na kuongeza upepo. Wakatoka mbio, gurudumu kimya kabisa.

Walifika saa nne na dakika kumi. Wanakwaya walikuwa bado wamesimama ngazini, hakuna aliyefungua kinywa.

"Tulikuwa tunakungoja, Mwalimu," akasema mmoja. "Tupe sauti."

Mwalimu alikohoa, koo likakataa. Akamwinamia mkewe. "Mama, ile spoki ya karibu na valvu, ndiyo sauti yao. Gonga."

Bibi, ambaye hajawahi kuimba popote ila jikoni, alishuka, akachomoa mkasi, akagonga spoki ile.

Ting!

Vinywa arobaini vikafunguka kwa pamoja.