Mechi Iliyokataa Kuisha

Jamani, kuna watu wa kuchokoza na kuna watu wa kuacha kama walivyo. Misenga wa Kindu, kocha wa wasichana wa mtaa wa reli, ni wa kuacha kabisa. Lakini wakubwa wa kamati ya ukumbi walimchokoza, tena mchana kweupe.

Ukumbi wenyewe ni mali ya mji, sisi tunauita sale. Humo watu wamefunga ndoa, wamelia matanga, wamepigana ngumi, wameimba kwaya na kucheza mpira wa kikapu, yote juu ya sakafu moja ya simenti. Hata mtu wa Kailo akileta mihogo yake sokoni, harudi kwao bila kuchungulia sale iko na nini leo. Basi kamati ikaamua kumkodishia Fabien, mwenye maduka, aifanye depo, ghala la kuwekea simenti. Mwenyekiti, Bwana Onema, akatangaza kwamba mkataba utatiwa sahihi Jumapili, palepale uwanjani, mara tu baada ya mechi ya mwisho, mbele ya watu wote, ili mtu asije akasema mambo yalifanywa kwa kificho. Mechi ya mwisho! Aliyasema hayo bila haya wala soni.

Hakujua anamgusa nani. Wakati wa vita, treni zilipokatika na watu wa Kasai wakakwama Kindu bila njia ya kurudi kwao, sale ndiyo ilikuwa nyumba yao. Misenga, mmoja wao, alilala humo na mama yake, Tshiela, na mwanawe wa kwanza, Beya, ambaye njaa na homa zilimmaliza kwenye kona ya mlango wa nyuma kabla hajajua kutembea. Wiki ileile askari wakaja: tokeni, tunataka kuweka mchele wetu. Mama Tshiela akasimama mbele yao, akashika fundo la kitenge chake.

"Mujukuu wangu amekufia hapa," akasema. "Mukitaka tutoke, nitavua hii nguo mbele yenu, muone njia mulipitia kuzaliwa."

Wewe! Laana ya uchi wa mama nani anaitaka? Vijana wale na bunduki zao walirudi kinyumenyume hadi barabarani, na mchele wao ukanyeshewa na mvua.

Haya, Jumapili ikafika, watu wakajaa mpaka madirishani. Wapinzani walikuwa wasichana wa ng'ambo ya mto Lualaba, na kocha wao Sifa. Misenga na Sifa hawakuwa wanasalimiana, tangu Sifa aseme hadharani kwamba wasichana wa Misenga ni mama wazima walioacha watoto nyumbani. Hata siku hiyo walipitana kama vile kila mmoja amepita ukuta.

Kando ya uwanja palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe. Onema na Fabien wameketi, kalamu tayari. Misenga hakuuona mpira, aliiona meza ile tu. Mechi ikiisha, sale imekwenda.

Ikiisha. Akalirudia neno hilo kimoyomoyo. Mpira wa kikapu hauna sare. Mkilingana mnaongezewa dakika, mkilingana tena mnaongezewa tena, mpaka mmoja ashinde. Sasa nani amesema lazima mmoja ashinde?

Timu yake ilikuwa mbele kwa pointi mbili, na kipenga kilikaribia. Msichana mmoja wa ng'ambo akaja mbio na mpira. Misenga akasimama.

"Mumuache afunge!"

Kepteni wake, Déborah, akageuka. "Mama Misenga, uko na akili kweli?"

"Muache, nimesema!"

Ng'ambo wakafunga, wakalingana. Edouard, mwamuzi, akatoa nyongeza. Sifa alimtazama Misenga kwa jicho baya, akaitazama meza yenye kitambaa cheupe, akarudi kumtazama Misenga. Nyongeza ikaenda, wakalingana tena, na sekunde ya mwisho msichana wa Sifa, Fifi, akapewa mitupo miwili ya faulo. Sifa akamnong'oneza. Mtupo wa kwanza Fifi akaurusha juu ya ubao mpaka kwenye viti vya kwaya. Wa pili hata hakuangalia kikapu.

Misenga akaziba mdomo kwa mkono. Yule mwanamke mwenye kisirani alikuwa amemwelewa bila kuambiwa neno.

Watu nao wakaelewa, sale yote ikalipuka kwa vigelegele. Nyongeza juu ya nyongeza! Wasichana walichoka, faulo zikazidi, na mwenye faulo tano hutoka. Mabenchi yakaisha watu. Majina ya makocha yalikuwa bado yameandikwa kwenye orodha ya wachezaji, kwa kiburi tu, maana hakuna kati yao aliyekubali kwamba amezeeka. Misenga akaingia. Sifa akakaza kilemba, naye akaingia.

Fabien akashindwa kuvumilia. "Hii haiko mechi! Bwana Onema, tutie sahihi, waache wahangaike."

Onema akashika kalamu. Lo, kelele zilizotoka viti vya juu!

"Ulisema kisha mechi kuisha! Wewe mwenyewe! Mechi iko bado!"

Onema akairudisha kalamu mezani. Aliwatazama watu wale wote, kisha akavuta maikrofoni. "Mama Misenga, tafazali. Mutamaliza saa ngapi?"

"Sema kwanza sale iko ya nani," Misenga akajibu, mpira mkononi.

"Iko ya mji."

"Na simenti ya Bwana Fabien?"

Onema akausukuma mkataba kando. "Itatafuta pahali pengine. Hakuna sahihi leo, hakuna kesho. Imeisha."

Fabien akachukua kofia yake na kutoka bila kuaga. Makelele ya watu yalitikisa mabati. Na Misenga, mwanamke yule mkavu wa macho, akatazama kona ya mlango wa nyuma na machozi yakamwagika. Alilia wazi, kwa furaha na kwa uchungu, hakujificha. Mtoto wake hatawekewa mifuko ya simenti juu.

Alipoinua kitenge kujifuta, Sifa akampokonya mpira, akakimbia, akafunga. Kipenga cha mwisho!

"Wewe Sifa!" Misenga akafoka. "Nilikuwa nalia!"

"Nimekuona. Nani alikutuma ulie katikati ya mechi?"

"Mwizi wee! Jumapili ijayo utanitambua!"

"Wapi?"

"Hapa!" Misenga akapiga sakafu kwa mguu. "Hapa hapa! Wapi tena?"