Karo la Mpakani

Karo la kufulia la mtaani kwetu ni la mawe, lina paa la vigae, na mama zetu wote walifulia hapo. Serikali ilipoziunganisha kata zetu mbili, karo halikuwa na shida. Zilipotenganishwa tena, Vale de Junca ikabaki huku, Monte Ruivo kule, na mpaka ukapita katikati ya karo. Mwaka huohuo tundu la kutolea maji likaziba.

Kufikia Juni maji yalikuwa mazito, ya kijani, na panya wawili waliovimba wakielea juu yake. Msimu wa kuchoma dagaa nje ya nyumba ulitupita hivihivi, maana ule uvundo uliingia hadi kwenye mkate. Wifi yangu Hermínia, mjane wa kaka yangu, amepakana ukuta kwa ukuta na karo. Ana miaka sabini na minne na kifua kibovu. Alikuwa anatapika asubuhi, kisha anafungua dirisha kwa mazoea na kutapika tena.

Tukaenda ofisi ya kata ya Vale de Junca. Karani akafungua ramani kwenye kompyuta.

"Mama, tundu liko upande wa Monte Ruivo."

"Na panya?" Hermínia akauliza.

"Panya wanaelea. Siwezi kusema ni wa nani."

Alisema hivyo bila kucheka. Kule Monte Ruivo, mama mmoja aliyekuwa anakula keki juu ya mafaili akatuambia tundu ni lao kweli, ila bomba linatokea upande wa pili, na wakiligusa, wenzao watawashtaki kwa halmashauri.

"Kwa hiyo tufanyeje, dada?" nikamuuliza.

"Andikeni barua."

Tuliandika nne. Hakuna iliyojibiwa.

Mwezi Septemba, uchaguzi ukiwa karibu, halmashauri ikatangaza fungu la kukarabati makaro ya zamani. Asubuhi moja wakafika wenyeviti wa kata zote mbili, kila mmoja na mpiga picha wake: Baltazar Quintela wa Vale de Junca na Eulália Frade wa Monte Ruivo. Walikuwa wameziba pua kwa vitambaa.

"Hili ni karo letu tangu enzi na enzi," Quintela akasema.

"Lenu? Bibi yangu kafulia hapa, mzee, upande wetu."

Hermínia akatoka na ndoo. Akaichovya, akaipandisha imejaa, akaiweka miguuni pao. Panya mwingine alikuwamo, ngozi imeanza kuchunika.

"Mwenye karo ni nani?"

"Sisi," wakajibu kwa pamoja.

"Basi chukueni."

Quintela akarudi nyuma hatua mbili. Mpiga picha mmoja akakimbilia kwenye magugu, akatapika. Eulália akatazama viatu vyake, akaondoka. Magari yao yalipotea barabarani, moja likielekea kushoto, jingine kulia.

Kesho yake tulivaa mabuti, mimi, wifi na Custódio, fundi bomba mstaafu wa jirani. Tulichota tope tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Custódio akaingiza mkono ndani ya tundu hadi begani, akavuta. Ilikuwa soksi. Soksi moja ya kiume, imevimba na kujaa nywele. Maji yakashuka yakigugumia.

"Miezi minne," Hermínia akasema. Akaketi chini kwenye maji machafu yaliyobaki, mikono imelala mapajani. Nilidhani analia, kumbe alikuwa amechoka tu.

Alinawa kwa dawa ya kuulia vijidudu mpaka ngozi ikapasuka. Wiki mbili hakukanda mkate. Alisema akinusa vidole anaona unga umeoza.

Wenyeviti wote wawili walishinda. Waliligawana lile fungu, wakapaka rangi paa na kubandika kibao chenye majina yao. Siku ya uzinduzi Eulália alimwita Hermínia kwenye picha.

"Njoo mama, wewe ndiye roho ya mahali hapa."

"Wifi, twende zetu," Hermínia akaniambia. "Nina kichefuchefu."