Mzazi wa Kwenye Faili

Kwa mara ya tatu wiki hiyo Kavindu alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi ya mradi wa kufadhili watoto, Kariobangi, akitaka kitu kimoja tu: kadi ya kliniki ya binti yake Nzisa. Mwalimu mkuu alikuwa amesema kwamba bila karatasi yenye tarehe ya kuzaliwa, ifikapo Ijumaa, mtoto hatasajiliwa kwa mtihani wa darasa la nane. Kadi yenyewe Kavindu aliikabidhi hapo kwa mkono wake mwaka wa 1991, mradi ulipomtafutia Nzisa mfadhili wa ng'ambo.

Karani Wahome alimweleza kwa upole wa mtu aliyetoka semina. Habari za mtoto ni siri. Jumatatu alitaka barua ya Nzisa mwenyewe. Jumanne ilipofika, akasema mtoto hana sahihi, aandike mzazi. Leo Kavindu alileta ya kwake. Wahome akafungua faili, akasoma, akaifunga upesi kama aliyefunua sufuria ya jirani.

"Wewe huwezi kuomba, mama."

"Kwa nini?"

"Sababu imo ndani ya faili. Na faili ni siri."

Hapo ndipo mfadhili alipoingia, mama mzungu mwenye kofia pana, ametoka uwanja wa ndege moja kwa moja ili amjue Nzisa wake. Hakuwa ameandika barua. Wahome alimvutia kiti, akamfungulia soda, akafungua na faili, akamsomea kwa Kiingereza, kwa sauti, huku foleni nzima ikisikiliza: chumba kimoja, godoro moja, baba aliyetoroka na muuza mitumba. Kavindu alikuwa amesoma hadi darasa la saba. Kiingereza kile alikielewa kuliko alivyopenda.

"Mama mzazi," Wahome akasoma, sauti ikididimia, "alifariki Novemba, 1990."

Mgeni akafuta machozi. Akauliza yule pale kwenye benchi ni nani.

Wahome alimtazama Kavindu, pua imejaa jasho. Kavindu akapiga hesabu ya haraka: sekondari ni miaka minne ya karo, na wafadhili huwapenda mayatima.

"Mwambie mimi ni mama yake mdogo," akasema. "Marehemu alikuwa dada yangu. Mwanamke mzuri sana."

Mgeni alimkumbatia, akauliza angemsaidia na nini. Kadi ya kliniki tu, Kavindu akajibu. Wahome aliitoa kwa mikono miwili, bila barua. Kavindu akaliziba jina lake kwenye nafasi ya mama kwa kidole gumba, akaondoka nayo hivyo hivyo hadi nje ya lango.