Watoto Wasiogusa Godoro

Saa saba kasoro robo, kengele ya chakula ilipolia, Mama Bosi alifunga bomba la mvuke, akafuta mikono kwenye aproni, akashuka ngazi mbili mbili kwenda chumba cha watoto cha kiwanda kumnyonyesha mwanawe, Bosi. Alikuwa na nusu saa. Mfukoni alikuwa amesahau kipimo chake cha kazi, kile cha mbao chenye taya mbili, ambacho mafundi wa kofia hukitumia kupimia kalibu, yaani kichwa cha mbao cha kuundia kofia, kutoka paji la uso mpaka kisogoni. Kwa miaka tisa, kwenye ghorofa ya pili ya kiwanda, alikuwa akivuta sufu yenye mvuke juu ya vichwa vya mbao, na mkono wake ulishazoea kupima kila kitu cha mviringo kilichopita karibu, hata tikiti maji la jirani. Kwa hiyo Bosi alipokuwa ananyonya, mkono ulitoa kipimo wenyewe na kupima.

Kutoka kona ya kulia ya paji mpaka kona ya kushoto ya kisogo ilikuwa sentimita kumi na mbili na milimita mbili. Kutoka kona ya kushoto ya paji mpaka kona ya kulia ya kisogo, kumi na tatu na milimita nne. Akapima tena. Akampapasa mtoto kwa kiganja, na nyuma, upande wa kushoto, kiganja kikakuta pamekuwa bapa kama meza. Kalibu yenye tofauti hiyo huko juu haikuwa kalibu tena, ilikuwa kuni.

Bosi alikuwa na umri wa miezi minne na nusu. Jina hilo alipewa na baba yake wiki ya kwanza, kwa kuwa tangu aingie ndani ya nyumba ile hakuna mtu aliyelala, aliyekula wala aliyeoga bila ruhusa yake.

Zilibaki dakika kumi na mbili. Mama Bosi alimlaza mwanawe, akasimama katikati ya chumba cha watoto na kukitazama kwa mara ya kwanza kama fundi. Kilikuwa na vitanda ishirini na vinane, vyote vimeelekezwa upande mmoja, na dirisha moja tu, kushoto. Watoto wote walikuwa wamelala chali na wote wamegeukia dirishani, maana hakukuwa na kitu kingine cha kutazama. Alipita kitanda hadi kitanda akipitisha kiganja chini ya visogo. Vichwa ishirini na vinane vilikuwa vimebonyea mahali pamoja.

"Shangazi," alimwuliza mlezi, ambaye alikuwa mlezi pekee, "hawa huwa unawabeba?"

"Kwa mikono gani, mwanangu?" Shangazi alikuwa na chupa tatu mkono mmoja na nepi mkono mwingine. Akaelekeza kidevu ukutani. Hapo palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa herufi kubwa: MTOTO ASIBEBWE SAA ZA KAZI. Mtoto akishabebwa, akirudishwa kitandani hulia, na kilio hupanda ngazi mpaka ghorofa ya pili, na mafundi wakikisikia mikono yao hutetemeka. Meneja alishalifanyia hesabu jambo hilo.

Jioni Mama Bosi alimweleza mumewe. Mumewe alikuwa kinyozi, na watu wote mtaani, mkewe akiwemo, walimwita Kinyozi. Basi nyumba ile ilikuwa na wataalamu wawili wa vichwa, na kila mmoja aliona mwenzake ni mwanagenzi tu.

"Mke wangu, mimi nimenyoa vichwa miaka kumi na sita," alisema. "Nimenyoa hakimu mwenye kichwa kama boksi la kiberiti. Nywele zinasitiri kila kitu."

"Nywele ndiyo. Kofia je?"

"Nani kakwambia atavaa kofia?"

Mama Bosi alimkata jicho. Hapo ndipo alipoona kitu ambacho hakukizingatia kabla: nywele za mtoto zilikuwa zimechanwa kwa ufundi sana, zimekusanywa nyuma kushoto, zikatuna vizuri.

"Ulijua," alisema.

Kinyozi alikaa kitandani. Alikuwa akijua tangu wiki mbili zilizopita, na kila asubuhi, kabla mkewe hajaamka, alikuwa akichana sehemu ile ili isionekane. Aliogopa mkewe angejilaumu kwa kurudi kazini mapema. Mkewe naye, ambaye alikuwa amejilaumu tangu saa saba kasoro robo, alilia kidogo, akapenga, akasema kesho wanakwenda kliniki, piga ua.

Mama mkwe, aliyekuwa anasikiliza kutoka jikoni na hakuwa na haja ya kujificha, alisema yeye angekikanda kichwa hicho kwa viganja vya moto na mambo yangeisha. Alimkanda Kinyozi utotoni, na mbona Kinyozi ana kichwa kizuri. Mama Bosi alikitazama kichwa cha mumewe, akanyamaza kwa heshima.

Kesho yake, kliniki, daktari aliwasikiliza wote watatu. Alisema kulala chali ni sawa, mtoto alale chali hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba hata akiwa macho yuko chali. Anatakiwa abebwe, ageuzwe, alazwe kifudifudi akicheza huku anaangaliwa, kutwa nzima. Hiyo ndiyo njia ya kwanza. Njia ya pili ni kofia ngumu maalumu, ya kuvaliwa usiku na mchana. Kofia hiyo ilitengenezwa mbali, na foleni yake ilikuwa ya miezi saba.

"Miezi saba atakuwa karibu na mwaka," alisema Mama Bosi.

"Ndiyo. Na akifika mwaka mifupa inakuwa imekaza. Kilichobaki kimebaki."

"Na kubebwa kutwa nzima, nani ambebe? Mimi niko kazini kwa saa kumi na moja kila siku."

Daktari alikiri kuwa kwa hilo hakuwa na dawa. Kabatini alikuwa na kofia moja ya mfano, na Mama Bosi aliomba kuishika. Aliigeuza, akaingiza ngumi ndani, akazungusha. Ilibana mbele, ilibana upande mmoja, na pale panapokaa bonde la kichwa ilikuwa haigusi kitu, imeacha nafasi.

"Kwa hiyo kichwa kinakua kikiifuata nafasi," alisema.

"Umeelewa haraka kuliko wanafunzi wangu."

"Kwetu sufu ikishabonyea imebonyea."

"Mtoto si sufu, mama. Mtoto anakua."

Maneno hayo yalimkaa. Siku tatu zilizofuata hakula mchana. Alikusanya vipande vya sufu ambavyo vingefagiliwa, akavishindilia kwa mvuke juu ya kalibu ndogo kuliko zote, tabaka juu ya tabaka, mpaka ikapatikana kofia ngumu kiasi cha kugongwa hodi. Nyuma kushoto aliacha nafasi ya milimita kumi na mbili. Kinyozi, kwa kimya cha mtu anayeomba radhi, alinyoa nywele zote za Bosi ili kofia ikae sawasawa. Mama mkwe alisema kichwa cha mtoto si dongo la kufinyanga, kisha akashona bitana ya pamba kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya nane tangu Bosi avae kofia, Shangazi alimngoja Mama Bosi mlangoni.

"Mtoto wako hagusi godoro," alisema.

"Kwa kiasi gani?"

"Kidole."

"Ananyonya?"

"Ananyonya kama kawaida."

Mama Bosi aliingia, akapitisha kiganja kati ya mtoto na godoro. Kilipita bila kugusa kitu. Ile nafasi iliyokuwa ndani ya kofia ilikuwa nyepesi kuliko alivyokisia, na ilikuwa inamnyanyua mtoto. Mwishoni mwa wiki Bosi alikuwa usawa wa kiuno cha Shangazi, anajigeuza apendavyo, kifudifudi, ubavu, chali tena, anatazama dirisha, mlango, kibao, utosi wa Shangazi. Nyumbani Kinyozi alimfunga kamba laini mguuni kwa sababu ya feni. Mama mkwe alifurahi kwamba sasa angeweza kumkanda bila kuinama, maana mgongo ulikuwa unamsumbua.

Wenzake kazini hawakuuliza maswali mengi. Waliuliza moja tu: na wangu je? Basi kila mchana, kwenye nusu saa ile, ghorofa ya pili iligeuka kiwanda ndani ya kiwanda. Mmoja alikata, mmoja alishindilia, mmoja alishona bitana, na Mama Bosi alipima, kwa sababu kila nafasi ilitakiwa iwe ya mtoto wake na si ya mwingine. Mkono mmoja ulishika mkate, mwingine ulishika sindano. Jumapili Kinyozi alifunga duka, akawanyoa watoto ishirini na saba mfululizo, na kati yao ni wawili tu waliomkojolea. Baada ya wiki tatu chumba cha watoto kilikuwa kimejaa watoto hewani, wanapishana taratibu, na Shangazi alikuwa anatembea katikati yao na chupa akisema, "Hodi, hodi, jamani, nipisheni."

Meneja alikuja kukagua. Alitazama juu, kisha akatazama chini, na chini ndiko macho yake yalikokaa zaidi.

"Hivi vitanda vina nani?"

"Havina mtu, bwana meneja," alisema Shangazi.

Meneja aliandika kitu. Jumatatu iliyofuata waliletwa watoto wengine ishirini na wanane, wa wanawake wa idara ya kufunga maboksi, ambao walikuwa wakisubiri nafasi tangu mwaka uliopita. Walilazwa chali vitandani, chini ya wale wa kwanza, wakageukia dirishani. Mlezi alibaki yule yule mmoja. Wa juu aliwanywesha akiwa amesimama, wa chini akiwa amepiga magoti.

Katika wiki ya kumi na moja Mama Bosi alipima, kama alivyopima kila Ijumaa. Kona ya kulia mpaka kona ya kushoto: kumi na nne kamili. Kona ya kushoto mpaka kona ya kulia: kumi na nne kamili. Akageuza kipimo akaanza upande mwingine, asije akajidanganya. Kumi na nne. Alitoka mpaka kwenye ngazi, akavuta pumzi, akapaza sauti, "Kumi na nne kwa kumi na nne!" Huko juu vigelegele vilipigwa mpaka mtu wa bomba la mvuke akadhani bomba limepasuka, akafunga mvuke wa jengo zima.

Jioni ile Kinyozi alimketisha Bosi kwenye kiti kikubwa cha dukani, mbele ya kioo, wateja wakiwa wamejaa kwenye benchi. Alimvua kofia, akapitisha kiganja chake cha miaka kumi na sita nyuma ya kichwa kile, polepole, kutoka sikio hadi sikio. Kisha akalia, tena kwa sauti, wembe ukiwa mkononi, na mteja aliyekuwa na povu shavuni alisubiri bila kulalamika.

Lakini kichwa kilipoijaza nafasi yote, hakikubaki kitu cha kumnyanyua. Jumanne sauti ya Shangazi ilipanda ngazi: "Mama Bosi! Mwanao anashuka na hana pa kutua!"

Alikimbia. Bosi alikuwa ameshuka mpaka shubiri moja juu ya pua ya mtoto wa kitanda cha chini, na wote wawili walikuwa wanatazamana kwa makini. Mama Bosi alimchukua hapo hapo hewani. Akatafuta pa kumweka, akatazama vitanda vyote, akatazama sakafu. Basi alimfunga mgongoni kwa mbeleko, akapanda naye ngazi, akafungua mvuke na kuendelea na kalibu yake. Kabla wiki haijaisha walikuwa wameshuka wote, na kwenye ghorofa ya pili mafundi ishirini na wanane walikuwa wanavuta sufu, kila mmoja na mtoto mgongoni. Hakuna mikono iliyotetemeka. Kofia za wiki ile zilitoka nzuri kuliko zote za mwaka.

Meneja alipita kati ya meza na daftari. Alisimama nyuma ya Mama Bosi, na Mama Bosi hakugeuka. Alikuwa ameshakata shauri kwamba akiambiwa amshushe, atashuka naye mpaka getini na hatarudi.

"Kwenye daftari," meneja alisema baada ya kufikiri, "mtoto ni yule mwenye kitanda. Hawa hawana vitanda. Kwa hiyo kile kibao hakiwahusu."

Akatia saini. Wanawake walingoja mpaka alipofunga mlango, ndipo wakacheka, wakacheka mpaka watoto nao wakacheka mgongoni bila kujua wanacheka nini. Mama Bosi alicheka kuliko wote. Alikisikia kichwa cha mwanawe kati ya mabega yake, kikibingirika huku na huku kama mpira, hakikwami mahali, na alijua kwamba siku hiyo hakuna mtu duniani anayemzidi kwa lolote.

Kibao hakikutolewa ukutani. Dirisha halikuongezwa, wala mlezi wa pili. Alasiri ile ile meneja alikuwa kwenye chumba cha watoto, juu ya ngazi ya kukunja, anapima umbali kutoka vitandani mpaka darini, kwa kuwa huko juu palikuwa pamebaki wazi.

Kesho yake mchana mwanamke kijana wa idara ya maboksi alipanda ghorofa ya pili. Alisimama mlangoni anasokota kona ya aproni.

"Dada, samahani. Wangu nimempapasa jana," alisema. "Nyuma, kushoto."

"Ana miezi mingapi?"

"Mitatu na nusu."

"Bado mapema, usilie. Una mkasi wako?"

"Ninao."

"Kaa hapa, uanze na vipande hivi." Mama Bosi alimsogezea kiti, akamrekebisha Bosi mgongoni. Yule kijana alikata kipande cha kwanza vizuri, cha pili vizuri zaidi, kisha akauliza bila kuinua macho:

"Atapaa lini?"

"Wiki moja hivi."

"Na akishuka?"

"Akishuka," alisema Mama Bosi, "uwe umeshaandaa mgongo."